Mwanamke Aliyeonja Kamba

Kabla ya kushuka genge lolote la mwamba, alionja kamba. Aliipitisha yote mikononi, akiikunja na kuikunjua kwa vidole vitupu, na pale vidole vilipositasita aliinama akaigusa kwa ncha ya ulimi. Wanakijiji wa kando ya mto Lualaba waliomwona walikwenda kusimulia kwamba mji wa Kolwezi umewatumia mchawi anayekula kamba. Sisi tuliofanya naye kazi tulijua anatafuta asidi. Kwetu asidi iko kila mahali. Magari makubwa yanaipeleka viwandani kwenye madini, watu wanaiweka kwenye bidoni, madumu ya plastiki, nyuma ya nyumba, betri zinaivujisha ndani ya kila gari bovu. Kamba ya nailoni ikiguswa na asidi haionyeshi jeraha. Inabaki nyeupe na laini vilevile, hadi siku unapoitundikia mwili wako.

"Ulimi haiko kipimo," alikuwa anatuonya, na ulimi wake mwenyewe ungali nje. "Muntu asinifwate. Mi naonjaka juu niko na kichwa nguvu. Weye ukiwa na mashaka, kata kamba, basi."

Tulimwita Mama Shefu. Alikuwa mkuu wa kikosi kidogo cha taasisi ya historia, kikosi kilichotafuta mabaki ya wafua shaba wa zamani kwenye magenge ya upande wa Nzilo, mahali Lualaba inapojibana kati ya miamba na kuanza kupiga kelele. Wazee wale waliyeyusha shaba kwenye vibaraza vya mawe ambavyo leo huwezi kuvifikia isipokuwa kwa kamba kutoka juu. Mimi nilikuwa mchoraji. Yeye akichunguza, mimi nilining'inia kando yake na ubao kifuani, nikichora kila kitu kabla mkono wa mtu haujakigusa.

Niseme jambo moja mapema, nisije nikaonekana ninamwimbia sifa. Kwa miaka mingi nilining'inia kwenye mafundo ya mwanamke huyu huku nikishuku kwamba ndiye aliyeuza kamba iliyomuua mdogo wangu. Ushahidi nilikuwa nao mfukoni. Sikumuuliza, na kazi sikuiacha. Kila asubuhi nilivaa mikanda yangu, nikamtazama usoni, nikashuka.

Kushuku kwenyewe alinifundisha yeye. "Mapendo tuache ku motokari," alisema kila tulipofika juu ya genge. "Hapa hakuna kuaminiana." Na alimaanisha. Fundo nililofunga mimi alilikagua yeye, na alilofunga yeye nililikagua mimi, kwa sauti, nikitaja kila ninachokiona. Kila mtu alikuwa na kamba mbili, moja ya kazi na moja ya kumdaka, na kila kamba ilifungwa mahali pake, kwenye jiwe au mti tofauti, maana alisema kamba mbili kwenye mti mmoja ni kamba moja inayojidanganya. Ukingo wa mwamba ulitandikwa kipande cha zulia ili jiwe lisile kamba. Mwisho wa kila kamba ulikuwa na fundo nene, mtu asije akateleza akajikuta hewani. Hakuna aliyepita chini ya mwenzake, hakuna aliyeshuka peke yake, na mawingu yakianza kujikusanya tulipanda hata kama mchoro umebakiza mstari mmoja.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa swali. Kabla hujautoa mguu ukingoni aliuliza: "Nani anakushika?" Wageni karibu wote walikosea. Sisi ni watu tuliolelewa, mama mtu mzima akikuuliza nani anakushika, unainamisha kichwa kidogo unajibu, "Ni weye, Mama." Mwanafunzi aliyejibu hivyo alirudishwa garini kushinda na dereva. "Mi naweza kuanguka, naweza kusinzia, naweza kufwa," alimwambia. "Nani anakushika?" Jibu lilikuwa: "Kamba mbili, nimeziangalia mwenyewe." Niliona watu wazima wenye shahada zao wakishindwa kulitamka, kwa sababu lilisikika kama tusi kwa mama wa watu. Mimi, baada ya msiba wetu, halikunipa taabu hata kidogo.

Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini ishara ya msalaba aliifanya baada ya ukaguzi, si kabla. Padri mmoja aliyekuja kututembelea alimtania kwamba anamweka Mungu nyuma ya mafundo. "Ndiyo, Padri," alijibu. "Yeye anakaguaka nyuma yangu. Mi nikilala, atasema nilikupa macho ya nini?" Padri akacheka, akasogea mbali na ukingo.

Kila mwanzo wa kiangazi alitufanyisha mazoezi ya kumwokoa mtu aliyezimia. Mtu aliyepoteza fahamu akining'inia kwenye mikanda, damu inamkalia miguuni, na anaweza kufa bila hata mkwaruzo. Kwa hiyo hatukushuka popote kabla ya kujua nani atamfuata mwenzake na atamshusha vipi. Basi mmoja ajifanye maiti. Maiti nilikuwa mimi kila mara, kwa kuwa ni mwembamba. "Maiti haijikunake," alinikemea kutoka juu. Niliona ananiacha pale muda mrefu kuliko inavyohitajika, nimelegea, nzi wananitembelea puani, na nilishuku ana sababu zake. Pengine sababu ilikuwa tu kwamba wenzangu walikuwa wazito wa kujifunza.

Watu nao walimshuku yeye. Wachimbaji wa Mutoshi na Tenke waliomwona akipangusa mwamba kwa brashi walisema hakuna mtu anayejitundika hivyo kwa ajili ya majivu ya wafu. Lazima anafuata mshipa wa madini. Walitufuata kwa pikipiki, wakakaa mbali wakitutazama na kuvuta sigara. Mzee wa kijiji kimoja alimkalisha mbele ya watu wake akamuuliza anaiba nini. Mama Shefu hakukasirika. "Tata, uko na haki ya kuuliza," alimwambia. "Lete muntu yako, nitamuvalisha mikanda, ashuke aone." Mzee akamleta mpwa wake, bwana mnene mwenye maneno mengi, ambaye alifika ukingoni, akachungulia mto, akarudi akasema yeye ameridhika. Mzee hakuridhika. Kila tulipoondoka alipekua mifuko yetu hadi ndani ya viatu, na Mama Shefu alisimama kando akimwonyesha mfuko alioupita.

Mimi nilimpekua kwa macho. Kwenye kibaraza kimoja tulikuta msalaba mdogo wa shaba, ukubwa wa kiganja, umelala kwenye majivu kando ya vipande vya mabomba ya udongo ya mivukuto. Misalaba ya namna hiyo zamani ilikuwa mali, na hata leo wako watu wanaoitafuta kimyakimya. Aliutazama muda mrefu bila kuugusa. "Chora," akaniambia. "Chora na majivu yake. Halafu tunauacha palepale." Nikajiambia, haya, huyu atarudi peke yake. Kiangazi kilichofuata nilihakikisha mimi ndiye wa kwanza kushuka pale. Msalaba ulikuwepo, na juu yake kinyesi cha ndege. Niliudhika. Mtu unayemshuku akikutwa safi anakuongezea kazi.

Hata misumari ya kufungia kamba hakukubali ipigwe karibu na masizi ya zamani. Tulitembea na mizigo kutafuta mti mzuri mbali nyuma ya genge, tukilalamika, jua likituwakia utosini. "Wale walipika shaba hapa bila kutuomba ruhusa," dereva alinung'unika siku moja, "na sisi tunawaomba ruhusa ya kufunga kamba?" Mama Shefu akamwambia abebe kamba.

Na mwanamke huyu huyu alikuwa anaogopa ngazi. Aliweza kukaa hewani juu ya Lualaba akatafuna muhogo wake taratibu, lakini balbu ikiungua nyumbani alimwita jirani. "Ngazi inashikwa na nini?" aliniuliza nilipomcheka. "Na ukuta. Na ule ukuta, nani aliukagua?"

Nyumbani kwenyewe alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliishi Kapata, kwenye safu za nyumba ambazo kampuni ya madini iliwajengea wafanyakazi wake zamani, mahali ambapo ukikohoa kwako jirani anakuambia pole. Mlango wake haukufungwa. Masufuria yake yalikuwa jikoni kwa watu, viti vyake vilikuwa kwenye misiba ya watu, panga lake lilizunguka safu nzima na kurudi butu. Aliyekuja kuomba alitoka na kitu. Kukataa hakukujua. "Chini huku tunaishi na bantu," alisema, kana kwamba hilo linaeleza kila kitu. Mimi nilimshuku hata kwa ukarimu huo. Nilijiuliza, mtu anayetoa hivi, anauza nini?

Mama yangu mzazi aliishi kwenye safu hiyohiyo, nyumba chache mbele, na mdogo wangu aliishi naye. Mimi nilikuwa nimepanga mjini.

Sasa habari ya kamba. Dereva wetu aliutupa mfuko wa kamba nyuma ya gari ambalo mtu mwingine alikuwa amelitumia kusafirisha bidoni za asidi. Sakafu ilikuwa imekauka, haina hata harufu, na dereva aliapa kwa marehemu baba yake kwamba kamba hazikuguswa na kitu. Juu ya genge Mama Shefu akaikunjua ya kwanza. Vidole vikasita, ulimi ukatoka, akatema mate. "Hii imekufwa," akasema. Ilikuwa mpya, nyeupe yenye uzi wa buluu, na ncha zake alikuwa amezipaka rangi nyekundu ya kucha, alama aliyoiweka kwenye kila kamba yetu. Dereva akasema anaonja jasho la mikono yake mwenyewe. Siku ile tulirudi Kolwezi bila kushuka, na Mama Shefu akaichukua kamba kwenda nayo kwake. "Nitaichoma," alisema. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Mvua zilipokwisha, mdogo wangu akafa Mutoshi. Alikuwa anashuka kwenye shimo la kuchimba, kamba ikakatika. Wachimbaji hawana mikanda wala kamba ya pili. Mtu anakanyaga vitobo ubavuni mwa shimo, kamba kiunoni, mwenzake juu ameishika, na wanaaminiana hadi chini. Aliyekuwa juu alibaki na kamba mikononi. Nilipofika walikuwa wameshamtoa mdogo wangu na kumfunika kitenge. Nikaomba nionyeshwe ile kamba. Ilikuwa nyeupe iliyochafuka udongo mwekundu, yenye uzi wa buluu. Pale ilipokatika, nyuzi zilikuwa kavu, zinavunjika kwa ukucha. Kwenye ncha ya pili kulikuwa na rangi nyekundu ya kucha.

Nilikata kile kipande chenye rangi, nikakitia mfukoni. Kulia nililia baadaye. Pale nilikuwa na hasira tu, na hasira yangu ilijua inakokwenda. Ilikwenda Kapata, kwenye nyumba isiyofungwa mlango. Wachimbaji walikuwa wanazisaka kamba kama zetu kila mahali, na aliyekuwa na kamba hii ni mtu mmoja. Alisema ataichoma. Hakuichoma.

Kwenye kilio Mama Shefu alifika kabla ya ndugu. Alipika, alifagia, alilala kwenye mkeka mmoja na mama yangu. Nilimtazama akifanya yote hayo na roho yangu ikakunjamana. Tulipotoka makaburini nilimwambia mama, nitamuuliza Mama Shefu habari ya kamba. Mama yangu hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na siku ile pia hakuipandisha. Alinishika mkono hadi ukauma. "Usiulize mambo ya kamba," alisema. "Mutoto yangu amekufwa. Kamba iko kamba. Siku utauliza, mi siko tena mama yako." Nikadhani ni uchungu unaosema. Nikanyamaza kwa ajili yake, nisimwongezee jeraha la kujua kwamba jirani anayemkumbatia ndiye aliyemuuza mwanawe.

Mama alibadilika kidogo kidogo, kama wanavyobadilika watu wenye msiba. Aliacha kuimba kwaya. Aliacha chumvi kwenye mboga, kisha akairudia. Nguo akaanza kuzianika juu ya ua wa miti, kwenye majani, zikashika vumbi na kuchanika miibani; nikamwambia nitamfungia waya, akasema majani yanatosha. Na kila Jumapili alimpelekea Mama Shefu sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, kwenye sahani iliyofunikwa vizuri. Hilo lilinichoma. Nilimwangalia akivuka njia na sahani yake, nikasema moyoni, masikini, angejua.

Kazini, niliporudi baada ya kilio, Mama Shefu alininyima kamba. Alikuwa na desturi ya kutuuliza asubuhi kama kuna aliyegombana nyumbani, maana alisema mtu wa hasira anafunga fundo la hasira. Mimi hakuniuliza. Alinitazama tu akaniambia nibaki juu, nichore kutoka kwenye picha. Nilikaa juu muda mrefu, wenzangu wakishuka na kupanda, na niliona wazi kwamba ananiogopa. Nikafurahi kuogopwa.

Tabia yake juu ya kamba mbaya ikageuka pia. Kamba aliyoitilia shaka haikuondoka tena mahali ikiwa nzima. Aliikata palepale mbele yetu, vipande vifupi kuliko mkono, visivyofaa hata kufungia mbuzi, akavikokea moto kabla hatujapanda gari. Jirani mmoja wa Kapata alikuja kumwomba kamba ya kuchotea maji, na yeye, asiyejua kukataa, akakataa. Yule mama akaondoka akitangaza safu nzima kwamba Mama Shefu siku hizi ana roho mbaya. Mimi nikatafsiri kwa namna yangu. Nilisema, mwizi aliyenusurika ndiye anayenunua kufuli kubwa.

Kwa hiyo, aliponiruhusu tena kushuka, nilikagua. Hakuna aliyekagua kamba za Mama Shefu kama nilivyozikagua mimi. Nilipita kwenye kila fundo lake kama polisi wa barabarani anavyopita kwenye karatasi za gari, nikitafuta kosa na nikitumaini kulipata. Wenzangu walichoka kunisubiri. Yeye hakuchoka. Alisimama pembeni, mikono nyuma, hadi nimalize.

Siku moja nikalipata. Pete ya chuma ya kamba yangu ya pili ilikuwa imefungwa na yeye, na mlango wake haukukazwa. Ingefunguka kwa kusuguana kidogo tu na mwamba. Nikaitaja kwa sauti, mbele ya wote, kwa ubaridi ambao sikujua ninao: "Mlango wa pete uko wazi." Mama Shefu akaja, akaangalia, akaketi chini kwenye mawe bila kuchagua mahali. Uso wake ulikuwa umekauka. "Aksanti," alisema. "Ubakie vile. Usiniamini hata siku moja." Nililirudia neno lile njia nzima ya kurudi Kolwezi. Sikujua kama ni ushauri au ni kitisho, na kuanzia siku ile nilikagua mara mbili.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Tulifanya kazi nzuri, hilo silikatai. Tulichora vibaraza ambavyo hakuna aliye hai aliyekuwa amevikanyaga, tukaona alama za vidole vya watu wale kwenye udongo wa mabomba yao, vidole vidogo, pengine vya wanawake. Katika miaka yake yote hakuna aliyeanguka. Wala hatukuwahi kucheka pamoja, mimi na yeye, tukiwa kwenye kamba.

Mwaka jana nilikwenda kwake. Alikuwa ameshaacha kazi. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba, na hata kikombe alikishika kwa mikono miwili. Kikosi sasa nakiongoza mimi. Mimi ndiye ninayeuliza "Nani anakushika?", na kila nilipouliza nilihisi kile kipande mfukoni. Sikuweza kuendelea kuwafungia watu kamba bila kujua. Nilimkuta mchana, ameketi mlangoni kando ya mbabula, jiko lake la makaa, anachoma mahindi. Nikamsalimu, nikaketi, nikakitoa kipande nikakiweka gotini pake.

Alikigeuza. Akakipeleka ulimini kwa mazoea, halafu akakumbuka, akakishusha.

"Hii ya Mutoshi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na ulibakia nayo mu mufuko myaka yote hii."

"Ndiyo."

"Nilijua uko unanishuku. Hakuna muntu anakaguaka vile juu ya mapendo." Akageuza hindi moja. "Nikasema, acha abakie vile. Akinishuku, hataanguka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au kwa matusi. Kwa hilo sikujiandaa. Nikamuuliza nililokuja kuuliza: "Uliiuzisha, Mama?"

"Sikuuzisha. Nilitoa." Akasema polepole, macho kwenye makaa. "Muntu alikuja kuniomba kamba ya kuanika nguo. Nikamwambia, hii imekufwa, niko naenda kuichoma. Akasema, nguo haina uzito. Nikaona ni kweli, nguo haina uzito. Nikamupa. Nikamwambia, ya nguo tu. Kisha ile kamba ikatembea."

"Ni nani aliyeomba?"

"Eko muzima. Sitamutaja, hata unifunge." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Weka ku kichwa yangu. Ilikuwa mu mikono yangu, mi njo nilipaswa kuichoma."

Sikuuliza mara ya pili. Mbele yetu, safu nzima ya Kapata, nguo za watu zilikuwa zinapepea kwenye kamba na waya, nyumba kwa nyumba. Katika safu ile yote namjua mwanamke mmoja tu anayeanika nguo zake kwenye majani. Ni mama yangu aliyeiomba. Aliifunga uani, akaanika, na mdogo wangu akaamka asubuhi moja akaiona, kamba nzuri yenye uzi wa buluu, bora kuliko kamba ya vitambaa waliyokuwa wanajifungia shimoni. Akaondoa nguo, akaikunja, akaenda nayo Mutoshi.

Mama alijua toka siku ile. Mama Shefu alijua. Miaka yote niliyodhani ninamlinda mama asijue, hao wawili walikuwa wananilinda mimi, sahani ya sombe ikienda na kurudi. Mama Shefu hakuniambia pole wala hakuomba chochote. Alikiokota kile kipande kwa vidole vyake vilivyovimba, akakitupa kwenye makaa. Kikajikunja, kikatoa moshi mweusi wenye harufu ya nailoni. Tulikitazama hadi kikaisha.

"Sasa imechomwa," alisema, na akanipa hindi.

Nilikwenda kwa mama na hindi mkononi, sijalila. Alikuwa uani, beseni la nguo mbele yake, shuka la mwisho bado majini. Aliona ninakotokea.

"Unatoka kwa Mama Shefu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Ulimuuliza."

"Nilimuuliza. Hakumtaja mtu."

Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Nilikumbuka alichoniambia tulipotoka makaburini, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa juu ya mto. Niliweka hindi chini, nikachutama, nikaitafuta ncha moja ya shuka kwenye povu, nikaishika. Alichukua nyingine. Tukasimama, tukalikamua, yeye akizungusha huku na mimi kule, hadi tone la mwisho. Kisha tukaenda kwenye ua wa miti tukalitandaza juu ya majani, kila mmoja akivuta upande wake ili lisikunjike.

"Vuta na ile pembe ya chini," alisema, bila kunitazama. "Pole pole, mutoto yangu. Miiba."